Jinsi ya Kuwa Muungwana kwa Wino na Karatasi: Mwongozo kwa Mwenye Pesa wa Mwaka 1596

Tuseme uko Uingereza, mwaka ni 1596, Malkia Elizabeth wa Kwanza anakaribia kutimiza miaka 38 kwenye kiti cha enzi, nawe biashara imekunyookea. Nyumba unayo, mashamba unayo, mkeo anavaa hariri ambayo sheria ya mavazi imewatengea walio juu yake. Lakini ukipita sokoni bado unaitwa kwa jina tupu, kama siku zile ulipokuwa huna kitu. Unachokosa ni ngao ya ukoo: mchoro wenye rangi zake, ulioandikwa katika kitabu cha maafisa wa Malkia, unaosema kwamba wewe ni muungwana, wanao ni waungwana, na wajukuu zao vilevile hadi mwisho wa dunia. Mwongozo huu utakuonyesha njia. Hakuna hatua iliyotungwa humu. Zote zilifuatwa na watu wenye majina yao, na wengi walifika.

Ngao ilianzia vitani. Katika karne ya 12 mpiganaji aliyejifunika chuma hadi usoni hakutambuliwa na rafiki wala adui, basi akaipaka ngao yake rangi na alama iliyoonekana kutoka mbali. Kufikia 1596 hakuna anayekwenda vitani na ngao ya namna hiyo. Imehamia kwenye vioo vya madirisha, kwenye makaburi, kwenye sahani za fedha na pete za kupigia mhuri. Mpangilio wake ulikuja kusafiri mbali kuliko waliouanzisha. Ngao katikati, wawili wameishika huku na huku, utepe wenye maneno chini: ndio huo tunaouona kwenye nembo ya taifa ya Kenya, yenye simba wawili na Harambee, na kwenye ile ya Tanzania, yenye mwanamume na mwanamke na Uhuru na Umoja.

Usijipake ngao mwenyewe. Kibali kinatoka Chuo cha Ngao, London, chombo kilichopewa hati na Richard wa Tatu mwaka 1484, kikanyang'anywa nyumba yake mara tu mfalme huyo alipouawa vitani mwaka uliofuata, kisha kikapewa hati mpya na nyumba nyingine karibu na kanisa kuu la St Paul's mwaka 1555. Maafisa wake ni 13. Watatu wanaitwa Wafalme wa Ngao: Garter, mkuu wao, Clarenceux, ambaye eneo lake ni kusini mwa mto Trent, na Norroy, wa kaskazini. Chini yao wapo sita wenye vyeo vya miji na makabaila, kama York, Chester na Somerset, na wanne wa ngazi ya chini wenye vyeo ambavyo mtu angedhani vimetoka kwenye hadithi za watoto: Bluemantle, Portcullis, Rouge Croix, Rouge Dragon. Kabla hujapanda farasi kwenda London, jua kwanza unaishi upande gani wa Trent. Mfalme wa Ngao anayeona mteja wa eneo lake amekwenda kwa mwenzake hasahau.

Sasa acha kazi ya mikono. Hili ndilo sharti ambalo halina mjadala. Mchungaji William Harrison, aliyechapisha maelezo yake ya nchi ya Uingereza mwaka 1577, alilisema bila kificho: aliyesoma sheria, aliyekaa chuo kikuu, tabibu, au yeyote awezaye kuishi bila kutumia mikono yake na akamudu gharama za sura ya kiungwana, atapata ngao kwa pesa, na maafisa watamwandikia ukale na sifa nzuri nzuri za kuisindikiza. Pesa itangulie, ngao itafuata.

Wa kumwiga ni John Shakespeare wa Stratford-upon-Avon. Alikuwa mshona glavu na mlainisha ngozi, na pembeni akifanya biashara ya sufu. Alipanda ngazi za baraza la mji hadi mwaka 1568 akawa mkuu wa mji. Aliwahi kuulizia ngao, akachorewa hata mfano, kisha mambo yakamwendea kombo: madeni, ardhi ya mke kuwekwa rehani, kutoonekana kwenye vikao. Ikapita miaka ishirini hivi. Oktoba 20, 1596 ombi likafufuka, na kila dalili inaonyesha kwamba aliyelifufua ni mwanawe William, ambaye pesa zake zilitoka kwenye jukwaa la maigizo London. Angalia lilivyofanywa kwa akili. William hakujiombea. Mwigizaji hakuwa na cheo cha kutaja mbele ya Garter, lakini baba yake alikuwa amewahi kuuongoza mji na kukata kesi. Baba akishapewa, mtoto anakuwa muungwana wa kuzaliwa, na anayezaliwa nao hukaa juu ya anayepewa. Kwa hiyo kama mzee wako yu hai, muombee yeye.

Rasimu za hati hiyo zimehifadhiwa katika Chuo cha Ngao mpaka leo, na zinastahili kusomwa na kila mwenye ndoto kama yako. Zinasema wahenga wa John waliutumikia ufalme kwa ushujaa wakatuzwa na Henry wa Saba. Katika rasimu ya 1596 anatajwa babu. Ilipoandikwa nyingine mwaka 1599, familia ilipotaka kuunganisha ngao yake na ile ya Arden, ukoo wa mama, mhusika amekuwa baba wa babu. Tuzo yenyewe haijaonekana katika kumbukumbu yoyote ya Henry wa Saba. Pembeni karani ameongeza yale yenye uzito hasa: kwamba John alikuwa hakimu na mkuu wa mji, na ana ardhi na nyumba za thamani ya pauni 500.

Kuna jambo ambalo rasimu hazilitaji. Hamnet, mtoto pekee wa kiume wa William, alizikwa Stratford Agosti 11, 1596, akiwa na umri wa miaka 11. Ngao pamoja na jina hurithiwa kwa upande wa wanaume. Wiki kumi baada ya mazishi hayo, karani wa Garter anaandika kwamba alama hii itakuwa ya John Shakespeare na watoto wake na vizazi vyake vyote. Sijui karatasi nyingine ya maafisa hawa yenye uchungu kama hii, na haina neno moja la msiba ndani yake.

Tuendelee na wahenga, maana utawahitaji. Kama unao, walete: hati za ardhi zenye mihuri ya zamani, kaburi lenye jina lako, dirisha la kanisa. Kama huna, watu walikuwa na mbinu mbalimbali, na sharti nikuambie zilivyowaishia. Ukoo wa Wellesbourne wa Buckinghamshire uliamua kwamba unatokana na Simon de Montfort, yule mkabaila mashuhuri wa karne ya 13. Ukachongesha sanamu za mawe za mashujaa waliolala na mavazi ya vita ya kale, ukazilaza katika kanisa la Hughenden, zikawa ushahidi. John Lumley, mkabaila wa kaskazini, alipanga katika kanisa la Chester-le-Street safu ya sanamu 14 za wahenga wake. Zile ambazo hakuzikuta alizichongesha. Inasimuliwa kwamba Mfalme James alipopita huko mwaka 1603 na kusomewa nasaba ya Lumley ndefu isiyo na mwisho, alisema hakuwa amejua kama jina la ukoo la Adamu lilikuwa Lumley. Mfalme alijua alichokuwa akikisema. Ipo nasaba ya Malkia Elizabeth mwenyewe katika jumba la Hatfield, nayo inafika kwa Adamu na Hawa.

Wasio na pesa za mchonga mawe walikwenda kwa watu kama William Dawkins, fundi wa kutunga nasaba na kuuza ngao kwa bei ya chini. Njia ya mwongo ni fupi: alikatwa sikio. Miaka ishirini baadaye, mwishoni mwa 1597, baraza la Malkia likaagiza akamatwe tena, kwa kuwa alikuwa amerudia kazi ileile na kutengeneza nasaba za uongo kwa familia zinazokaribia mia moja. Wateja hao walikuwa watu wazima wenye mashamba na akili zao. Walijua walichokuwa wakinunua. Kwa hiyo usimwendee fundi wa mtaani. Lipa ada halali, nasaba yako itaandikwa na afisa mwenye cheo, na hakuna atakayekatwa kitu.

Sasa mchoro. Kanuni moja tu uishike: rangi ziko za aina mbili. Kuna madini, yaani dhahabu na fedha, ambazo kwenye karatasi huwa njano na nyeupe. Na kuna rangi zenyewe, nyekundu, buluu, nyeusi, kijani, na zambarau kwa nadra. Madini hayawekwi juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Simba wa dhahabu juu ya nyekundu, sawa. Simba wa buluu juu ya nyeusi, hapana. Sababu yake ni ileile ya uwanja wa vita: kitu kionekane kutoka mbali. Ukijiuliza kwa nini ngao zilizochorwa miaka 500 iliyopita bado zinavutia macho kuliko nembo nyingi za makampuni ya leo, jibu ni kanuni hiyo.

Kisha tafuta alama inayotamka jina lako, maana hiyo haisahauliki. Ukoo wa Lucy uliweka samaki wa mtoni aitwaye luce. Arundell waliweka mbayuwayu, kwa sababu Kifaransa cha ndege huyo kinakaribiana na jina lao. Shakespeare aliweka mkuki, ambao umo ndani ya jina: ngao ya dhahabu, ukanda mweusi wa mshazari, na juu ya ukanda mkuki wa dhahabu wenye ncha ya fedha. Juu ya ngao amesimama ndege kozi, amekunjua mabawa, ameshika mkuki mwingine. Kaulimbiu yake ya Kifaransa cha kale inasema "si bila haki". Ni mchoro safi mno. Waliopata ngao miaka hiyo walizoea kujaza kila kona, lakini hapa kuna kitu kimoja tu na nafasi ya kupumua.

Ukiwa na watoto wa kiume wengi, zipo alama ndogo za kuwatofautisha: wa kwanza utepe wenye meno, wa pili hilali, wa tatu nyota, wa nne ndege asiye na miguu. Waandishi wa wakati ule walieleza kwamba huyo wa nne hana pa kutua kwa kuwa ardhi imekwisha kwa kaka zake. Wa nne na wasome, basi.

Kabla hujachagua alama yako nataka uitazame ngao moja, na uitazame vizuri. Mwaka 1565 William Harvey, aliyekuwa Clarenceux, alimpa ngao John Hawkins, nahodha wa Plymouth. Hawkins alikuwa amefika pwani ya Sierra Leone katika safari iliyoanza 1562, akachukua Waafrika wasiopungua 300, akawauza kwa Wahispania katika kisiwa cha Hispaniola. Kisha akarudi kwa safari ya pili na meli ya Malkia mwenyewe. Ngao yake ni nyeusi, ina simba wa dhahabu anayetembea juu ya mawimbi, na juu yake sarafu tatu za dhahabu. Juu ya kofia ya chuma, mahali ambapo Shakespeare aliweka kozi, amewekwa Mwafrika, kiwiliwili tu, amefungwa kamba, na bangili za dhahabu mikononi. Hakuna aliyeona haya. Ngao hiyo ilipakwa rangi, ikasainiwa, ikaingizwa kitabuni kwa mwandiko uleule mzuri ulioandika samaki wa Lucy na mbayuwayu wa Arundell. Wapo wanaovipenda vitabu hivi kwa sababu ya rangi zake, na mimi ni mmoja wao, lakini anayevipenda hana ruhusa ya kuufunua ukurasa huo haraka haraka. Jina la mtu aliyefungwa kamba halikuulizwa. Katika kitabu ambacho kazi yake yote ni kuhifadhi majina, yeye ndiye asiye na jina.

Sasa kitabu chenyewe. Ngao yako ikishapitishwa unapewa hati nzuri ya ngozi, iliyopakwa rangi, ya kutundika ukutani. Lakini uungwana wako hauishi ukutani kwako. Unaishi katika daftari la afisa, na madaftari hayo ndiyo tunayoyaita vitabu vya ngao. Ukikifungua kimoja utakuta ukurasa umegawanywa kwa safu za ngao ndogo, tatu au nne kwa mstari, kila moja na jina la ukoo juu yake. Vingine vimepangwa kwa majina, Arden kabla ya Brooke. Vingine vimepangwa kwa michoro: kurasa za simba peke yake, kurasa za misalaba, kurasa za tai. Vya aina ya pili vilikuwa kama daftari la alama za vidole. Afisa akiona ngao isiyo na jina kwenye bakuli la fedha, anakwenda kwenye kurasa za simba, anahesabu mikia, anasoma rangi, anampata mwenyewe.

Rangi ni ghali na afisa ana haraka, kwa hiyo ngao nyingi hazikupakwa. Zimechorwa kwa wino tu, na ndani ya kila sehemu imeandikwa herufi: o kwa dhahabu, ar kwa fedha, g kwa nyekundu, s kwa nyeusi, v kwa kijani. Buluu waliandika az, lakini az na ar kwa mwandiko wa kukimbiza ni pacha, basi wengi wakaandika b kuepuka balaa. Alama ikijirudia, kwa mfano nyota tatu, anachora moja na mahali pa zile mbili anaandika 2 na 3. Namna ya kuonyesha rangi kwa mistari, wima kwa nyekundu na mlalo kwa buluu, ilienezwa na kitabu cha padri Silvester Petra Sancta kilichochapishwa Roma mwaka 1638. Ukiikuta katika kitabu kinachodaiwa kuwa cha zama za Elizabeth, weka kitabu mezani na uanze kuuliza maswali.

Hapo ndipo utamu wa kusoma vitabu hivi ulipo. Vilinakiliwa, na nakala zikanakiliwa, na wachoraji wa ngao wa mitaani wakanakili tena kwa ajili ya wateja wao. Mnakili mmoja aliyesinzia akisoma ar mahali pa az, ukoo mzima unahama kutoka buluu kwenda fedha, na miaka mia baadaye mjukuu anachongesha kaburi lenye rangi ya kosa lile. Ukifuatilia kosa moja kutoka kitabu hadi kitabu utajua nani alinakili kutoka kwa nani, hata kama hawakusema.

Na pale palipopakwa rangi, rangi zenyewe zina maisha yao. Kijani cha kutu ya shaba hula karatasi. Utakuta ngao yenye tundu mahali palipokuwa mti au joka, na kivuli cha kahawia kimepenya hadi ukurasa wa nyuma. Fedha halisi ikikaa hewani huwa nyeusi. Msomaji mgeni anaiona ngao yenye simba mwekundu juu ya uwanja mweusi, anadhani mchoraji amevunja kanuni ya rangi juu ya rangi. Hakuvunja. Uwanja ulikuwa fedha, uking'aa, siku ulipopakwa. Wino nao, uliopikwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma, huanza ukiwa hafifu, ukakolea kuwa mweusi, kisha karne zikipita ukageuka kahawia na kuikata karatasi pale kalamu ilipokandamiza. Ukitaka kujua mwandishi alikuwa na hasira wapi, shikilia ukurasa mbele ya mwanga.

Kitabu kikishakuwa na jina lako, jiandae kutembelewa. Tangu Henry wa Nane alipotoa agizo mwaka 1530, maafisa walizunguka wilaya moja baada ya nyingine, kwa kila kizazi mara moja hivi, wakikagua nani anatumia ngao na kwa haki gani. Afisa anafikia kwenye nyumba ya wageni ya mjini. Watumishi wa mkuu wa wilaya wanapeleka wito kwa kila anayejiita muungwana. Unakwenda na hati zako, mhuri wako, na mzee wa ukoo anayekumbuka majina. Karani anachora, anaandika nasaba, unasaini, unalipa. Walioshindwa kuthibitisha walitakiwa kusaini kwamba wao si waungwana, na majina yao yakatangazwa sokoni siku watu walipojaa. Afisa alikuwa na mamlaka ya kuvunja kioo cha dirisha lako, kukwangua kaburi la baba yako na kuharibu alama kwenye sahani zako. Kwa hiyo usijenge kaburi la fahari kabla hati haijatoka.

Mchunge zaidi Ralph Brooke, mwenye cheo cha York. Mtu huyu alikuwa msomi hasa wa nasaba, na hakuwa na rafiki. William Camden, mwalimu wa shule ya Westminster na mwandishi wa Britannia, alipopewa cheo cha Clarenceux mwaka 1597 juu ya vichwa vya waliokuwamo Chuoni, Brooke alikipekua kitabu chake na kuchapisha makosa yake. Mwaka 1602 akatoa orodha ya ngao 23 alizodai Garter William Dethick na Camden wamewapa watu wasiostahili. Ngao ya Shakespeare imo. Katika nakala moja iliyoko maktaba ya Folger, Washington, imechorwa kwa wino, mkuki na kozi, na chini yake imeandikwa kwamba huyu ni Shakespeare mwigizaji, aliyepewa na Garter. Brooke alilalamika pia kwamba ngao hiyo inafanana na ya ukoo wa kale wa Mauley, dhahabu yenye ukanda mweusi. Dethick na Camden wakajibu kwamba mkuki juu ya ukanda ni tofauti ya kutosha, na kwamba John alikuwa hakimu mwenye mali. Ngao ikabaki. Mimi niko upande wao, na kwa sababu za rasimu zenyewe: mshona glavu aliyeinuka hadi kuuongoza mji wake alikuwa na haki ya mkuki mmoja.

Brooke hakutosheka. Mwaka 1616 alimtega Garter mwingine, William Segar. Akamtuma mtu na mchoro ulio tayari, aseme ni wa Gregory Brandon, muungwana wa London anayeishi Hispania, na kwamba meli ya kuipeleka hati iko tayari kung'oa nanga. Segar akasaini, akapokea shilingi 22. Mchoro ulikuwa ngao ya ufalme wa Aragon. Gregory Brandon alikuwa mnyongaji wa London. Mfalme James aliposikia aliwafunga wote wawili katika gereza la Marshalsea, mdanganywa na mdanganyaji. Somo kwako ni dogo: mtu akikuletea mchoro uliokamilika na meli inayosubiri, mwambie arudi kesho.

Na ukishaipata ngao, usimcheke mwenye ngao nyingine. Ilikuwapo mahakama maalumu ya kulinda heshima za waungwana, na miaka ya 1630 ilikuwa na shughuli nyingi. Edward Hyde aliliambia Bunge mwaka 1640 habari za raia aliyefilisiwa na mahakama hiyo kwa kumwita bata bukini yule bata maji aliyekuwa nembo ya mkabaila mmoja. Mahakama hiyo haijafutwa. Ilikaa kwa mara ya mwisho mwaka 1954, kusikiliza kesi ya mji wa Manchester dhidi ya ukumbi wa starehe uliotumia ngao ya mji.

Ukiishi kaskazini na nauli ya London ikikushinda, kulikuwa na ukoo mmoja wa Chester ambao nisingeuacha bila kuutaja. Wachoraji wanne, baba, mwana, mjukuu na kitukuu, wote wakiitwa Randle Holme. Kwa zaidi ya miaka mia walichora ngao za mazishi, wakanakili kila kitabu walichoazimwa, wakazunguka makanisa kuchora madirisha kabla hayajavunjwa. Chuo kiliwaona waingiliaji. William Dugdale, alipokuwa Norroy, alimshtaki Holme wa tatu katika miaka ya 1660 kwa kuchora ngao bila kibali, akashinda kesi, akang'oa makanisani mbao za mazishi alizozichora. Lakini makaratasi ya akina Holme yalinunuliwa kwa ajili ya maktaba ya Harley, na sasa majalada yao, zaidi ya 200, yako British Library. Anayetafuta ngao ya familia ya Cheshire anaanzia humo.

Holme huyo wa tatu alichapisha kitabu chake Chester mwaka 1688, wakati ziara za maafisa zilipokuwa zinafikia kikomo. Alikiita The Academy of Armory. Hoja yake ilikuwa kwamba kitu chochote kinaweza kuwekwa juu ya ngao, kwa hiyo mchoraji anapaswa kukijua kila kitu. Akaanza kueleza: mapatasi na misumeno ya seremala, kisu na sindano za mshona viatu, wembe na beseni la kinyozi, mwiko wa mwashi, herufi za risasi za mpiga chapa, kila kimoja na jina lake na sehemu zake. Leo wanahistoria wa ufundi wanakifungua kitabu hicho kutafuta majina ya zana ambazo hakuna mwingine aliyezikusanya kwa wingi namna ile, zana za watu ambao afisa wa ngao asingewaita kwenye nyumba ya wageni.